Mawe Matatu na Wembe Mmoja: Ubapa wa Kwanza Ulitoka Wapi?

Chukua rula yoyote iliyo karibu nawe. Umejuaje kwamba imenyooka? Utaniambia kiwandani waliikagua. Sawa, waliikagua kwa kutumia nini? Kwa rula nyingine iliyo bora zaidi. Na hiyo nyingine je? Kwa nyingine tena. Ukiendelea kurudi nyuma hivyo hivyo, lazima utafika mahali ambapo hapakuwa na rula ya kuazima unyoofu wake. Kuna mtu alikaa chini na vitu vilivyopinda mkononi, akatoa kitu kilichonyooka. Alifanyaje?

Hili si swali la kifalsafa la kupotezea muda. Injini ya bodaboda, kioo cha simu yako, na kile kipande cha silikoni kilichomo ndani ya simu hiyo, vyote vinadai nyuso bapa kwa kiwango ambacho jicho haliwezi kukiona. Na njia fupi kuliko zote ya kulielewa jibu inapitia kwenye kitu cha kawaida kabisa: kinoo, yaani jiwe la kunolea. Hasa kinoo cha kunolea wembe.

Wembe unalidai nini jiwe?

Wembe ninaouzungumzia hapa si ule mwembamba wa kwenye pakiti, unaotumika mara moja na kutupwa. Ni ule wa zamani wenye mpini, unaokunjuliwa kama kisu cha mfukoni, ambao kinyozi angeweza kuutumia maisha yake yote na kumrithisha mwanawe.

Unapounoa wembe huo unaulaza kabisa juu ya jiwe. Mgongo wake unagusa, na makali yanagusa. Hapo pana ujanja mkubwa: unene wa mgongo ndio unaoamua pembe ya makali, kwa kawaida digrii 16 hadi 18 hivi. Huhitaji kukisia pembe kwa mkono kama unavyofanya na kisu cha jikoni. Wembe umebeba kipimo chake mgongoni. Ila kipimo hicho kina sharti moja: jiwe liwe bapa.

Tufanye hesabu ndogo. Mikroni 1 ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Unywele wa binadamu una unene wa mikroni 50 hadi 100 hivi. Makali ya wembe ulionolewa vizuri, pale kwenye ncha kabisa, hayafiki hata mikroni 1. Sasa chukulia kinoo chako kimebonyea katikati kwa milimita 0.1 tu, yaani unene wa karatasi ya kawaida ya kuchapia. Ukikitazama hivi hivi utasema kiko sawa. Lakini milimita 0.1 ni mikroni 100, zaidi ya mara mia ya ncha unayotaka kuitengeneza.

Ukiulaza wembe ulionyooka ukatishe bonde hilo, unakuwa kama ubao uliowekwa juu ya mtaro: umeshika kingo mbili, katikati unaelea hewani. Unasugua, unasugua, na sehemu ile inayofanya kazi kubwa ya kunyoa haijaguswa hata kidogo. Ukikazana zaidi, sehemu mbili zinazogusa zitalika mpaka wembe wote ukubali umbo la bonde. Makali yaliyokuwa yamenyooka yanabinuka kama mwezi mchanga. Jiwe limeushinda wembe.

Ndiyo maana nasema kinyozi wa zamani alikuwa na tatizo la vipimo hata kabla hajawa na tatizo la ukali. Alihitaji uso bapa, na alihitaji ubaki bapa, huku kila akiutumia anauharibu.

Mate, maji na mafuta

Tatizo hili lina umri mkubwa. Pliny Mzee, mwandishi wa Roma aliyekufa mwaka 79 pale mlima Vesuvius ulipolipuka, aliandika juu ya vinoo katika kitabu chake kikubwa cha elimu ya viumbe na maumbile. Aliyagawa mawe kulingana na kile kinacholainishia: kuna ya mafuta, kuna ya maji (hapo alivisifu vile vya kisiwa cha Naxos), kuna yanayokubali vyote viwili, na kuna ya mate. Ndiyo, mate. Haya ya mate, anasema, ndiyo yaliyotumika kwenye vibanda vya vinyozi, na yaliyo bora yalitoka Hispania. Kinyozi anatemea jiwe, ananoa, halafu anakunyoa. Tuendelee.

Mwaka 1769 huko Paris, fundi wa visu na nyembe aitwaye Jean-Jacques Perret alichapisha kitabu cha kumfundisha mtu kujinyoa mwenyewe. Ukisoma kichwa chake kirefu utaona kwamba kujinyoa ni nusu tu ya habari: nusu nyingine ni namna ya kuyatambua mawe yanayofaa kunolea, na namna ya kuandaa ngozi ya kupitishia wembe. Perret alijua anachokifanya. Ukimuuzia mtu wembe bila kumfundisha jiwe, umemuuzia kitu kitakachokuwa butu baada ya wiki chache.

Mawe yenyewe yalichimbwa sehemu chache sana. Maarufu zaidi kwa nyembe barani Ulaya yalitoka karibu na Vielsalm, kwenye milima ya Ardennes nchini Ubelgiji. Ni mwamba wa rangi ya njano iliyofifia, uliojaa punje ndogo mno za madini ya garneti, ambazo ni ngumu kuliko chuma cha wembe. Kwa kuwa tabaka la njano ni jembamba, mara nyingi kipande chake hugundishwa juu ya jiwe jingine lisilo na thamani ili kisivunjike.

Kumbuka hilo la wembamba, maana ndilo linaloleta uchungu. Jiwe la asili halioti tena. Kila unapolisawazisha unalipunguza. Usipolisawazisha linaharibu wembe, na ukilisawazisha ovyo unalimaliza. Kwa hiyo swali la namna ya kulifanya jiwe liwe bapa kwa kupoteza kidogo iwezekanavyo halikuwa la mapambo. Lilikuwa mtaji wa mtu.

Kwa nini jiwe linabonyea?

Jibu la kisayansi lilikuja kuandikwa vizuri mwaka 1927, na mwandishi wake hakuwa akiwaza nyembe. Frank W. Preston alikuwa mtaalamu wa vioo, akijaribu kuelewa mashine za kung'arisha vioo vya madirisha. Alionyesha kwamba kiasi cha kitu kinacholika mahali fulani kinalingana na mgandamizo wa mahali hapo ukizidishwa kwa mwendo unaopita hapo. Bonyeza mara mbili zaidi, kinalika mara mbili zaidi. Pitisha mara mbili zaidi, vivyo hivyo. (Kwa faida ya wasomaji wetu wa biolojia: huyu ndiye Preston yule yule aliyeandika mwaka 1948 juu ya kwa nini spishi chache ni nyingi na spishi nyingi ni adimu. Kuna watu hawatosheki na fani moja.)

Sasa rudi kwenye kinoo. Mkono wako unapokwenda na kurudi, katikati ya jiwe panapitiwa na kila msuguo. Pembeni panapitiwa kidogo, tena pale mwishoni mkono unapunguza mwendo ili ugeuze. Fuata kanuni ya Preston na utaona: katikati lazima pabonyee. Si kwa sababu kinyozi ni mzembe. Hata malaika akinoa kwa mtindo huo, jiwe litabonyea.

Mimi nasomea sayansi ya vifaa, na sehemu kubwa ya siku zangu maabara ni kusugua vipande vya chuma mpaka ving'ae kabla ya kuvitazama kwa hadubini. Nakuhakikishia kanuni hii haina huruma na mtu mwenye shahada.

Mtego wa mawe mawili

Dawa ya kwanza inayokuja akilini ni hii: chukua jiwe jingine, uyasugue pamoja. Vilima vya hili vitavunja vilima vya lile, na mwishowe yote mawili yatakuwa bapa. Inaingia akilini kabisa, na si kweli.

Ukisugua mawe mawili, kitu pekee unachohakikishiwa ni kwamba yatapatana. Kupatana si kuwa bapa. Bakuli likiwekwa ndani ya bakuli linalolingana nalo, vinapatana vizuri tu. Na mara nyingi ndivyo inavyokuwa: jiwe la juu linapotokeza nje ya la chini, uzito wake unakaa kwenye kingo za jiwe la chini, na ni katikati ya jiwe la juu panapokandamizwa. Matokeo yake la juu linabonyea kama bakuli na la chini linabinuka kama mgongo wa kobe. Yanashikana bila mwanya hata kidogo, na yote mawili yamepinda.

Watengenezaji wa darubini waliligeuza tatizo hili likawa riziki. Mpaka leo, mtu anayetengeneza kioo cha darubini nyumbani huchukua visahani viwili vya kioo, huweka unga mkali na maji katikati, na kusugua kimoja juu ya kingine. Cha juu kinabonyea taratibu, na bonde lake ndilo litakalokusanya mwanga wa nyota. William Herschel, mwanamuziki aliyehamia Uingereza, alitengeneza vioo vyake mwenyewe vya shaba na bati. Dada yake Caroline alikumbuka jinsi alivyomlisha kaka yake kwa mkono wakati akikamilisha kioo kimoja, kwa kuwa kwa saa 16 hakutaka kuinua mikono kutoka kwenye kazi. Tarehe 13 Machi 1781, kwa darubini aliyoitengeneza mwenyewe, Herschel aliiona sayari ya Uranus.

Kwa hiyo mawe mawili yanaweza kukupa sayari. Hayawezi kukuhakikishia ubapa.

La tatu linavunja ubishi

Weka jiwe la tatu. Tuyaite A, B na C. Sugua A na B mpaka yapatane. Kisha B na C. Kisha C na A. Rudia mzunguko huo tena na tena.

Sasa tufikirie kama wanahisabati. A likipatana na B, maana yake pale A lilipobinuka, B limebonyea kwa kiasi kile kile. B likipatana na C, basi pale B lilipobonyea, C limebinuka. Kwa hiyo A na C yote yamebinuka, yanafanana. Lakini tumesema C na A nayo yapatane. Migongo miwili ya kobe inawezaje kupatana? Haiwezi, itagusana katikati tu. Njia pekee ya mawe yote matatu kupatana, kila moja na kila jingine, ni mbinuko kuwa sifuri. Yaani yote yawe bapa.

Soma tena aya hiyo kama imekupita haraka, maana ndilo jibu la swali la rula. Hapo hakuna kifaa cha kupimia. Hakuna kitu hata kimoja kilichokuwa bapa mwanzoni. Usahihi umetoka kwenye mpangilio wa kulinganisha. Ni kama mashahidi watatu: wawili wanaweza kupanga uongo ukaingiana, ila wa tatu anayetakiwa kukubaliana na kila mmoja wao anawaumbua.

Kuna pango moja limebaki, na ni vizuri ulijue. Uso unaweza kupinda kwa msokoto, kama ubao mbichi ulioachwa juani: pembe mbili zinazotazamana zimepanda, nyingine mbili zimeshuka. Nyuso tatu zilizosokotwa kuelekea upande mmoja zinaweza kupatana zote tatu na zisiwe bapa. Dawa yake ni kugeuza moja kwa robo ya mzunguko wakati wa kusugua, ili jiwe likatishe jingine kama msalaba. Msokoto ukigeuzwa hivyo unagongana na mwenzake na kulika. Kugeuza nusu mzunguko hakusaidii, kwa sababu msokoto unabaki vile vile.

Nani apewe sifa?

Hapa historia inakuwa na ubishi kidogo.

Jina linalotajwa sana ni la Joseph Whitworth, aliyezaliwa Stockport, karibu na Manchester, mwaka 1803. Mwaka 1840 alisimama Glasgow mbele ya mkutano wa chama cha Uingereza cha kuendeleza sayansi na kueleza namna ya kutengeneza mabamba bapa ya chuma, matatu kwa pamoja. Hoja yake kubwa ilikuwa dhidi ya kusaga kwa unga wa emeri, kama mafundi wengi walivyokuwa wakifanya. Unga, alisema, haukai sawasawa: unajikusanya sehemu nyingine na kuzikosa nyingine, na hakuna anayeuongoza. Badala yake fundi apake rangi kidogo kwenye bamba moja, aligusishe na jingine, aone rangi imeshika wapi, kisha akwangue pale tu palipoinuka. Kidogo kidogo, mguso baada ya mguso.

Kutokana na mabamba hayo Whitworth alijenga himaya. Kwenye maonyesho makubwa ya London ya mwaka 1851 alileta mashine aliyosema inapima sehemu moja ya milioni ya inchi. Mwaka 1841 alikuwa amependekeza nyuzi za skrubu ziwe za aina moja nchi nzima, zenye pembe ya digrii 55. Ukitaka kumkuta Whitworth nyumbani kwako, nenda kwenye bomba la maji. Nyuzi za mabomba ya kipimo cha Kiingereza, zile za nusu inchi na robo tatu ambazo fundi bomba anazifungia kwa utepe mweupe, bado zina pembe yake ya digrii 55.

Lakini Whitworth hakuanzia hewani. Mwaka 1825, akiwa kijana wa miaka 22 hivi, alikwenda London kufanya kazi kwenye karakana ya Henry Maudslay. Fundi mwingine aliyepita hapo, James Nasmyth, alieleza katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 1883 kwamba mabamba bapa yalikuwa kwenye meza za mafundi wa Maudslay, na wafanyakazi walizigusisha kazi zao humo ili wajue ukweli wake. Maudslay alikuwa pia na kifaa cha kupimia alichokiita kwa utani kwa cheo cha jaji mkuu wa Uingereza, kwa kuwa hukumu yake haikukatiwa rufaa. Maudslay alifariki mwaka 1831, miaka tisa kabla ya mkutano wa Glasgow.

Kwa hiyo mgunduzi ni nani? Ukiniuliza mimi, nadhani swali limeulizwa vibaya. Maudslay alifanya, Whitworth aliandika. Whitworth aliboresha sana, hilo hatumnyimi, na hoja yake ya kukwangua badala ya kusaga ilikuwa ya maana. Ila historia ya sayansi ina mazoea ya kumpa zawadi aliyeshika kalamu, na kumwacha aliyeshika jiwe akiitwa "fundi tu". Maarifa ya mkononi hayaachi tarehe. Ukisoma vitabu peke yake utadhani ubapa ulizaliwa kwenye ukumbi wa mikutano.

Jambo hili linatuhusu. Kwetu pia neno "fundi" linasemwa kwa sauti mbili: kwa heshima pale kitu kimeharibika, na kwa dharau pale mtoto anapochagua kazi. Chukua neno msasa. Tunalitumia kwa ile karatasi ya dukani, lakini kwanza ni jina la mti, jamaa ya mtini, wenye majani yanayokwaruza kama ulimi wa paka. Maseremala walisugulia mbao kwa majani yake. Majani yale yana silika ndani yake, na silika ndiyo inayokwaruza. Aliyeligundua hilo hakuandika makala, na tumebaki kumshukuru kwa jina la mti.

Kilichovimaliza vinoo, na kilichoviokoa

Mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20 vitu viwili vilikuja karibu pamoja. Mwaka 1891, huko Pennsylvania, Edward Acheson alikuwa akipitisha umeme kwenye mchanganyiko wa udongo na makaa, akitafuta almasi ya bandia. Hakupata almasi. Alipata silikoni kabaidi, unga mgumu unaosaga karibu kila kitu. Kuanzia hapo kinoo kingeweza kutengenezwa kiwandani, punje zote saizi moja, bila kusubiri mgodi.

Kisha mwaka 1903 King Camp Gillette akaanza kuuza wembe wa kutupa. Mwaka huo wa kwanza aliuza mashine 51 za kunyolea na nyembe 168. Mwaka uliofuata mashine zilifika karibu 90,000. Vita ya Kwanza ya Dunia ilipokuja, jeshi la Marekani liliwagawia askari wake nyembe hizo kwa mamilioni, nao wakarudi nazo nyumbani. Ndani ya kizazi kimoja, mwanamume wa kawaida hakuhitaji tena kujua kinoo ni nini. Leo tuna sababu nyingine nzuri zaidi ya kutaka kinyozi afungue wembe mpya mbele yetu: magonjwa ya damu. Sishauri mtu yeyote arudi kwenye wembe mmoja wa kijiji kizima.

Lakini utaalamu wenyewe haukufa, ulihama nyumba. Miaka ya 1980 wahandisi wa IBM walianza kusawazisha tabaka za vipande vya silikoni vya kompyuta kwa kuvisugua na tope lenye punje laini mno. Kanuni wanayoanzia kukokotoa ulaji huo ni ile ile ya Preston ya mwaka 1927. Simu uliyoshika imesuguliwa kwa maji na unga, kama kinoo.

Na ubapa wa bei rahisi ulikuja kutoka mahali pasipotarajiwa. Mwaka 1959 kampuni ya Pilkington ya Uingereza ilitangaza njia mpya ya kutengeneza kioo cha dirisha: kioo kilichoyeyuka kinamwagwa juu ya bati lililoyeyuka, kinaelea, kinatandaa, kinaganda. Mvutano wa dunia ndio unaokisawazisha. Utasema dunia ni mviringo, kwa hiyo kioo nacho kimepinda. Kweli, ila katika urefu wa mita 1 mpindo wa dunia ni mikroni 0.02 hivi. Kwa kinoo tunausamehe.

Ukitaka kujaribu mwenyewe

Huhitaji wembe. Kinoo chochote cha dukani cha kunolea visu kinatosha. Nenda kwa fundi vioo, omba kipande kinene, milimita 8 au 10, kirefu kuliko jiwe lako. Kiweke juu ya meza iliyotulia, kisilalie kokoto, maana kioo nacho kinapinda ukikikandamiza juu ya kitu. Tandika msasa wa maji juu yake, wa namba 220 kama jiwe limebonyea sana, au 400 kama ni kidogo. Lowesha.

Kabla hujaanza, chora mistari ya penseli juu ya jiwe, ya kukatishana kama wavu. Sugua kwa mkono mwepesi mara kumi au kumi na tano, kisha suuza utazame. Mistari iliyofutika ndiyo vilima. Iliyobaki ndiyo bonde. Watu wengi hushangaa hapa: jiwe waliloliona bapa linabaki na kisiwa cha penseli katikati. Endelea, ukiligeuza jiwe kila mara ili mkono wako usizoee upande mmoja, mpaka wavu wote ufutike kwa pamoja. Chora tena, sugua mara chache. Ukifutika wote kwa mkupuo mmoja, umemaliza. Usiongeze hata msuguo mmoja wa kujifurahisha, unakula jiwe bure.

Malizia kwa kulainisha kingo za jiwe kidogo, kwa sababu kingo kali humeguka na kipande kikimeguka kinatia pengo kwenye makali. Suuza vizuri, maana punje moja kubwa ya msasa ikibaki juu ya jiwe laini itakuchora wembe wote. Kausha kivulini, si juani. Na jiwe ulilolizoesha mafuta liendelee na mafuta, la maji liendelee na maji.

Usawazishaji huu unafanya na kazi ya pili. Jiwe likitumika sana, vinyweleo vyake hujaa unga wa chuma, linakuwa jeusi na lenye kuteleza, na hata likiwa bapa halinoi. Msasa unaondoa gamba hilo na kufunua punje mpya. Ukisikia mtu anasema jiwe lake "limekufa", mara nyingi limeziba tu.

Huna kioo wala msasa? Tafuta mawe matatu ya aina moja. A na B, B na C, C na A, kwa maji, ukikatisha kama msalaba kila baada ya muda. Utachukua siku nzima badala ya dakika kumi. Lakini jioni utakuwa na kitu bapa ambacho hukukiazima kwa mtu yeyote, wala hakikushuka bandarini kwenye kontena.

Hilo ndilo ninalotaka ubaki nalo. Tunapenda kusema kwamba hatuwezi kufanya kazi za usahihi kwa sababu hatuna mashine. Mashine ni muhimu, sikatai, na karakana yenye bamba la graniti lililokaguliwa inafanya kazi haraka kuliko yenye mawe matatu. Lakini mashine zote hizo ni wajukuu wa ujanja ambao gharama yake ni mawe, maji na subira. Anayefundisha chuo cha ufundi anaweza kuuonyesha kwa siku moja, na mwanafunzi atatoka akijua usahihi unatoka wapi, si unauzwa wapi.

Wahenga walisema mtoto akililia wembe mpe. Sawa, ila kabla ya wembe, mpe kwanza mawe matatu.